Vidole Vitano Hadi Lodwar

Nyuma ya soko la Machakos kuna gereji ambayo huwa naikwepa. Sina ugomvi na mafundi wake, ni harufu tu. Grisi ikikaa siku nyingi kwenye nguo, ikachanganyika na vumbi na jasho, hutoa harufu ambayo kwangu mimi ina jina. Ni baba. Tangu tulipomzika mwaka jana nimekuwa nikizunguka kwa njia ndefu ili nisipite hapo, na siku nikisahau nikapita, nasimama barabarani kama mtu aliyeitwa, mpaka mwenye bodaboda anipigie honi. Sisi tuliolelewa na baba wa kuja na kuondoka tunajuana. Tulimjua mzazi kwa harufu ya begi lake kabla ya kuuzoea uso wake.

Baba alifanya kazi na kampuni ya kuchimba visima. Mitambo yao ilihamahama, lakini kwa sehemu kubwa ya utoto wangu ilikuwa kaskazini, upande wa Turkana, na makao yao yalikuwa Lodwar. Sisi tulikuwa Kalama, kwenye mteremko wenye mawe: mama yangu, ambaye nilimwita mwaitu kama watoto wote wa kwetu, Susu, yaani nyanya yangu mzaa baba, mimi, na mdogo wangu Ndinda, ambaye alikuwa bado anatambaa. Tulilima mahindi na mbaazi juu ya matuta yaliyochimbwa na babu. Maji tuliyachota mtoni, kwenye mchanga, unachimba shimo na kungoja lijae, halafu unateka kwa kikombe. Mwaitu alikuwa akisema, bila kucheka, kwamba mumewe anawachimbia watu maji na yeye anachota kwa kikombe.

Alikuja mara mbili kwa mwaka. Siku ya kwanza nilijificha nyuma ya mwaitu. Siku ya tatu nilikuwa namfuata kila mahali, hata akienda chooni namngoja nje. Siku ya kumi begi lilikuwa limeshafungwa na liko mlangoni.

Mwezi wa nane mmoja, nikiwa darasa la nne, aliniletea atlasi. Haikuwa mpya. Aliinunua kando ya barabara Nairobi alipokuwa akibadilisha magari, na jalada lake lilikuwa limeshikizwa kwa gundi. Lakini ilikuwa na rangi zote, na hakuna mtoto mwingine darasani kwetu aliyekuwa na atlasi yake mwenyewe. Tulikaa kwenye ngazi ya jikoni, akaifungua ukurasa wa Kenya.

"Hapa ni wapi?" aliuliza. Kidole chake kilikuwa na weusi ambao sabuni haikuuweza.

"Machakos."

"Na hapa juu?"

Nilisoma polepole. "Lo-dwar."

"Hapo ndio ninakuwa." Akatoa kalamu mfukoni, akaizungushia Lodwar duara dogo la buluu. "Siku ukitaka kujua baba yako ako wapi, unafungua hii ukurasa."

"Ni mbali?"

"Ni mbali, mama," alisema. Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la Susu, mama yake. "Mbali sana."

Alipoondoka niliufungua ukurasa ule kila siku. Mwanzoni nilitazama tu lile duara. Halafu nikaanza kupima. Nililaza vidole vyangu kimoja kando ya kingine, kutoka nukta ya Machakos hadi duara la baba, na vilitosha vitano. Vidole vitano. Nilihesabu tena na tena nikidhani nimekosea.

Shuleni tulikuwa na kitabu kingine, cha wilaya yetu, na Ijumaa mwalimu alituruhusu kwenda nacho nyumbani. Ndani yake kulikuwa na ramani ya Machakos iliyojaa ukurasa mzima, na juu yake kulikuwa na Kangundo. Kangundo nilikujua. Ndiko alikozaliwa mwaitu, na ndiko alikoishi kaka yake, Mjomba Kioko, mwenye shamba la kahawa. Tulikuwa tumeenda huko mara mbili. Tulitoka asubuhi, tukabadilisha gari mjini, na kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimeshapanda juu ya mti wa parachichi wa mjomba. Nikapima. Kutoka Machakos hadi Kangundo vilikuwa vidole nane.

Nilikaa na vitabu vile viwili magotini, nikavitazama. Nane hadi kwa mjomba, vitano hadi kwa baba. Chini ya kila ramani kulikuwa na mstari mdogo uliokatwakatwa, wenye namba, lakini nilidhani ni pambo, kama lile pindo la leso. Vitabu vyote viwili vilikuwa vimepigwa chapa, na kitu kilichopigwa chapa, kwa akili yangu, hakikuweza kusema uongo. Basi aliyekosea ni baba. Sikumfikiria vibaya siku ile. Niliwaza tu kwamba watu wazima wakisema mbali huwa wanamaanisha kitu kingine, ambacho ningekijua nikikua.

Mvua za vuli zilipoanza, mwaitu akaanza kuugua. Kwanza alisema ni mgongo, kwa sababu ya jembe. Halafu miguu yake ikavimba hata viatu vikakataa, halafu uso ukavimba, na asubuhi moja hakuweza kufungua macho vizuri. Alilazwa hospitalini mjini siku ya Jumamosi. Jumapili Mjomba Kioko akapelekewa habari, na Jumapili hiyo hiyo mchana akafika, viatu vyake bado vina udongo mwekundu wa shambani kwake. Nililiona lile tope nikaliweka akilini.

Jumatatu asubuhi mjomba alipiga simu kwenye ofisi ya kampuni ya baba. Walimwambia kambini hakuna simu, lakini wana redio, na ujumbe utafika kabla ya mchana. Alirudi akatuambia, "Ameitwa. Sasa ni kungoja." Halafu akanichukua kwenda kumwona mwaitu, kwa sababu alikuwa ameomba kuniona.

Wodi ilinuka dawa ya kusafishia sakafu na uji. Kitanda chake kilikuwa cha mwisho, karibu na ukuta. Mjomba alienda kuongea na muuguzi, nikabaki peke yangu nimeshika mkono wake ambao ulikuwa umejaa kama si wake.

"Baba yako amejua?" aliniuliza.

"Amejua, mwaitu. Mjomba amepiga simu."

"Huko ni mbali." Alisema hivyo akitazama juu. "Sijui kama atanikuta."

Nilifurahi. Naona aibu kusema, lakini nilifurahi, kwa sababu nilikuwa na kitu cha kumpa. "Si mbali," nikamwambia. "Nimepima kwa ramani. Lodwar ni karibu kuliko Kangundo. Kangundo ni vidole nane na Lodwar ni vitano."

Mwaitu alikuwa ameishia darasa la tatu. Barua za baba nilikuwa namsomea mimi. Aligeuza kichwa akanitazama kwa yale macho yaliyobanwa na uvimbe.

"Umepima mwenyewe?"

"Mara nyingi."

"Basi atafika leo ama kesho," alisema, na nikaona mabega yake yakilegea kwenye mto. Nilirudi nyumbani nikijiona daktari.

Jumanne sikupelekwa. Jumatano mjomba alinichukua tena. Safari hii mwaitu hakunyoosha mkono. Midomo yake ilikuwa imekauka na nililoweka kitambaa nikaipangusa, kama muuguzi alivyonionyesha.

"Leo ni siku gani?" akauliza.

"Jumatano."

"Na ulisema ni karibu kuliko kwa mjomba wako?"

"Ndiyo, mwaitu."

Kwenye kitanda cha jirani mtu alikuwa akikohoa. Halafu mwaitu akasema, si kwa hasira, kwa sauti ya mtu anayemaliza kupanga vyombo, "Basi hataki kuja." Akageukia ukuta.

Nilijua nimefanya kitu, lakini sikujua ni nini. Nilitaka kumwambia labda gari limeharibika, labda mvua. Nilisimama na kile kitambaa mkononi mpaka mjomba aliporudi na kusema twende, mama apumzike. Alifariki Alhamisi, kabla jua halijachomoza. Susu alituambia sisi wawili kwa pamoja, mimi na Ndinda, ingawa Ndinda alikuwa anachezea mfuniko wa sufuria na hakuelewa kitu.

Baba alifika Jumamosi mchana. Nyumba ilikuwa imejaa watu, majirani na wanawake wa kanisa wakipika uani. Nilimwona akishuka mteremko na begi, vumbi limempaka hadi nyusi, na kwa jinsi watu walivyonyamaza mmoja baada ya mwingine alijua kabla hajaambiwa. Alisimama. Alivua kofia. Halafu alinitafuta kwa macho, akanipata kando ya pipa la maji.

"Wakya, Mwende," akasema.

Kwetu mkubwa akikusalimu hivyo, mdogo huitikia "Aa." Ni neno dogo kuliko yote, hata mtoto anayeanza kusema hulijua, na kulinyima ni tusi. Mimi nililinyima. Nilimtazama baba yangu, na ile harufu ya grisi ikanifikia, na nikasema kwa sauti ambayo watu wote uani waliisikia:

"Mjomba alitoka Kangundo siku ile ile. Wewe ulikuwa karibu kuliko yeye. Ungekuja kama ulitaka."

Susu alinishika mkono akanivuta hadi jikoni, na kofi nililopigwa hapo sikulisikia hata uchungu, kwa sababu nilikuwa nimegeuza kichwa namtazama baba. Nilitarajia akatae. Nilitarajia aseme, huyu mtoto anasema nini, mimi nimesafiri siku mbili. Mjomba Kioko alifungua mdomo kusema kitu kama hicho kwa niaba yake. Lakini baba aliinua mkono kumzuia. Aliinamisha kichwa kama mtu aliyesomewa hukumu. Nami nikajua, kwa uhakika ule wa mtoto, kwamba vidole vyangu vilikuwa vimesema kweli.

Baada ya mazishi alikaa wiki mbili akarudi kazini. Sisi watoto tulibaki na Susu. Jirani mwenye duka alikuwa na simu ya mkono, na jioni za Jumapili baba alipiga kutoka mjini Lodwar kuzungumza nasi. Ndinda aliwekewa simu sikioni akawa anapumua tu. Mimi nilipoitwa nilisema nina kazi ya shule. Atlasi niliitumbukiza nyuma ya magunia ya mbaazi, isionekane. Sikuichoma. Mara kadhaa nilishika kiberiti, lakini sikuichoma.

Nilikuwa darasa la sita alipokuja shuleni kwetu Mwalimu Ndolo, kijana mrefu aliyependa kufundishia nje. Siku moja alitutoa uwanjani akiwa na kamba ya katani aliyoifunga mafundo, tukapima kutoka mlango wa darasa hadi mlingoti wa bendera. Halafu tukarudi ndani akachora ramani mbili za uwanja ule: moja kwenye karatasi kubwa ya manila, nyingine kwenye ukurasa wa daftari.

"Hizi ramani mbili," akauliza, "ni gani iko na safari ndefu kutoka mlango hadi bendera?"

"Ya manila!" tulipiga kelele sote.

"Haya. Tokeni nje mtembee safari ya manila. Mkirudi, mtatembea ya daftari."

Wenzangu walitoka mbio, na wakiwa katikati ya uwanja mara ya pili wakaanza kucheka, kwa sababu walikuwa wameelewa. Mimi nilikuwa nimebaki mlangoni. Mwalimu alikuwa akieleza nyuma yangu: kila ramani iko na skeli yake, ule mstari mdogo pale chini ndio unakuambia sentimita moja imebeba kilomita ngapi, na huwezi kuchukua vidole vya ramani moja ukavipeleka kwa nyingine. Alisema hasa hivyo, vidole, ingawa hakujua habari zangu.

Nyumbani niliondoa magunia. Panya walikuwa wametafuna pembe za atlasi lakini ukurasa ulikuwa mzima, na duara la buluu lilikuwa pale pale. Nilipima kwa rula safari hii. Ule mstari niliodhani ni pambo ulisema sentimita moja ni kilomita tisini. Kitabu cha wilaya nilikiazima kwa mtoto wa darasa la nne, na mstari wake ulisema kilomita tatu. Nilizidisha kwenye udongo kwa kijiti, nikafuta, nikazidisha tena. Kangundo ilikuwa kilomita ishirini na saba. Lodwar ilikuwa mia tano na arobaini, na hizo ni za ndege anayeruka moja kwa moja, si za barabara inayopinda hadi Kitale kwanza. Mara ishirini. Baba alikuwa mbali mara ishirini kuliko mjomba, na mimi nilikuwa nimemwambia mwaitu yuko karibu.

Kesho yake nilimngoja Mwalimu Ndolo nje ya ofisi.

"Mwalimu, kama mtu alipima vibaya," nikamuuliza, "na akamwambia mtu mwingine?"

"Si anapima tena tu," akajibu, akitafuta ufunguo mfukoni. "Anamwambia yule mtu alikosea."

"Na kama huyo mtu hayuko?"

Alinitazama, akaona pengine kwamba hatukuwa tukiongea kuhusu masomo. Aliniuliza kama niko sawa nyumbani. Nikasema niko sawa.

Mngedhani baada ya hapo nilimkimbilia baba. Alipokuja Krismasi ile, alisema "Wakya, Mwende," na mimi nikaitikia "Aa," na uso wake ukabadilika hata Susu akaacha kupepeta. Lakini sikuenda zaidi ya hapo. Ili nimwombe msamaha ingebidi nimweleze kuhusu vidole, na ili nieleze vidole ingebidi nieleze kitanda cha mwisho karibu na ukuta, na maneno yale mawili au matatu. Singeweza. Kwa hiyo nikawa mtoto mwenye adabu. Nilimpikia, nilimfulia, nilimjibu nilipoulizwa. Naye hakuniuliza mengi. Tuliishi hivyo mpaka nikamaliza shule, nikaolewa, nikafungua duka langu la vitambaa mjini, na watoto wangu wakajifunza kutoka kwangu kumwogopa babu yao bila sababu.

Alirudi Kalama moja kwa moja alipoanza kukohoa. Vumbi la miaka ile yote lilikuwa limekaa kifuani, walisema. Susu alikuwa ameshatutoka. Ndinda alikuwa ameolewa Yatta na alikuja alipoweza; mimi nilikuwa karibu, kwa hiyo nilikuja kila Jumapili baada ya kanisa. Jumapili moja ya kiangazi tulikuwa tumekaa uani tukibambua mbaazi, yeye amejifunika blanketi ingawa kulikuwa na jua. Mikono yake ilikuwa imekuwa myeupe. Nilishangaa kuona kucha safi za baba yangu. Sijui kama ni kucha zile ndizo zilinivunja.

"Baba," nikasema, "ile siku ulikuja mwaitu amefariki. Vile nilikuambia. Nilikuwa nimekosea."

Mikono yake ilisimama.

Nikamweleza. Atlasi, kitabu cha wilaya, vidole vitano, vidole nane. Nilimweleza kuhusu ule mstari niliodhani ni pambo. Nilimwambia nimejua tangu darasa la sita na nimeogopa kusema. Alisikiliza kwa kichwa kilichoinama kama siku ile.

"Kumbe ni ramani," akasema mwishowe.

"Ni ramani, baba. Nisamehe."

Alikohoa, nikamshika mgongo mpaka ikapita. Alipopata pumzi hakunitazama.

"Mimi nilidhani kuna mtu alikuambia kuhusu lori."

"Lori gani?"

"Ujumbe ulinifikia hiyo Jumatatu, saa sita. Lori ya Kitale ilikuwa inatoka saa tisa. Nilifunga begi. Nilipanda, Mwende. Nilikuwa nimeketi juu ya magunia." Alisugua ganda la mbaazi kati ya vidole. "Halafu nikashuka."

Niliweka chini mbaazi zangu.

"Babu yako alifia hapa, hiyo nyumba. Nilikuwa kijana. Nilikaa na yeye siku nne nikimsikia akilia na uchungu, na nikasema sitawahi kusikia hiyo kitu tena. Sasa niko juu ya lori, naona nikifika nitakuta mama yako akiwa hivyo. Nikashuka. Nikaambia msimamizi nitangoja gari ya Alhamisi. Nikajiambia ako na nguvu, atapona, nitamkuta amekaa. Nilijiambia mambo mengi." Akalitupa lile ganda. "Njia ni siku mbili. Mimi nilichukua tano. Ungesema niko karibu ama niko mbali, hiyo si kitu. Ningetoka Jumatatu, Jumatano ningekuwa kwa kitanda chake."

Jumatano. Nilikiona kile kitambaa mkononi mwangu.

"Uliposema mbele ya watu ati ningekuja kama nilitaka," akaendelea, "nikajua huyu mtoto anajua. Sikujua umejuaje. Miaka hii yote nimekuwa nikisema, Mwende anajua, na ako na haki."

Nilikuwa nimebeba kosa langu muda mrefu nikidhani nikilitua litakuwa jepesi, na sasa nilikuwa nimelitua mbele ya mtu aliyekuwa na lake, na mawili yale hayakufutana. Nilikuwa nimemkosea. Na alikuwa amekosa. Jogoo wa jirani aliingia uani akaanza kudonoa mbaazi zilizodondoka na hakuna aliyemfukuza.

Halafu akaniuliza kile nilichokuwa nimekiogopa.

"Uliambia mama yako hiyo maneno ya ramani? Kwamba niko karibu?"

"Nilimwambia."

"Akasema nini?"

"Alisema basi utafika leo ama kesho."

Niliona uso wake ukifunguka taratibu. Nilikuwa sijawahi kuuona hivyo, si hata siku zile za ngazi ya jikoni. "Basi alikuwa ananingoja," akasema. "Alijua niko njiani. Hakufa akifikiria nimemwacha." Aligeuka akanitazama, mara ya kwanza mchana ule. "Si ndivyo, mama?"

Alikuwa mgonjwa. Macho yake yalikuwa na maji, labda ya kikohozi. Ningeweza kumwambia ya Jumatatu na pia ya Jumatano, maana yote mawili yalisemwa, na mimi peke yangu ndiye niliyeyasikia.

"Ndivyo, baba," nikasema.

Aliishi miezi mitano baada ya hapo. Katika miezi hiyo tuliongea kuliko miaka yote ya nyuma. Aliwasimulia watoto wangu jinsi maji yanavyoanza kutoka kisimani, kwanza matope, halafu mchanga, halafu yanakuwa meupe, na wale watoto waliokuwa wakimwogopa wakawa wanagombania kukaa karibu naye. Alikula. Alicheka. Nilimtazama nikawaza kwamba nimefanya vizuri, na nikiwa njiani kurudi mjini nilimwona mwaitu amegeukia ukuta, na sikujua tena nimefanya nini.

Baba alipofariki, Ndinda alikuja siku moja kabla ya mazishi tuandike wasifu wa kusomwa. Aliandika yeye kwa sababu ana mwandiko mzuri. Alipofika kwenye kifo cha mwaitu aliinua kalamu. Yeye hamkumbuki mama yetu hata kidogo, wala sauti wala uso.

"Baba aliniambia mwaitu alifariki akijua ako njiani," akasema. "Ati wewe ndio ulikuwa naye. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Niandike?"

"Andika."

Akaandika. Siku ya mazishi mchungaji aliyasoma maneno hayo kwa sauti kubwa pale kaburini, mbele ya majirani na jamaa wote wa Kangundo: kwamba marehemu alimpenda mkewe, na kwamba mkewe aliaga dunia kwa amani, akijua mumewe yuko njiani kuja. Watu wakaitikia Amina. Mjomba Kioko, mzee sasa, alikuwa akilia. Ndinda alinishika mkono akaubana, akitabasamu na machozi, na mimi nikaubana wake, nikaitikia pamoja nao.